Baba Yuko Chini ya Gari

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi ya ndugu wa tumbo moja, na naomba salamu hizi zikukute mzima wa afya, wewe, wifi yangu na wanangu. Yule mdogo, je, ameota meno ya mbele au bado anacheka kama kizee? Shangazi amenituma nikuulize kama bado unakunywa chai isiyo na sukari au umerejea kwenye dhambi zako. Nilimjibu kwamba sina ushahidi wowote, maana sauti yako sijaisikia vizuri tangu tulipomzika Mama. Sisi huku tunapumua. Zamani nililiandika neno hilo kwa mzaha. Leo naliandika likiwa na uzito wake wote.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nimepiga, Kaka, na kila nikipiga unapokea ukiwa umekwisha kujiandaa kuaga. Sikulaumu. Barua ina faida moja: haikatiki katikati, na mtu anaweza kuiweka kando akasonya, kisha akairudia. Nakuomba uirudie. Maji yamenifika shingoni, na anayekuandikia hapa si yule dada yako mwenye jibu la kila swali. Nimejaribu kila njia niliyoijua, na kila moja imenirudisha palepale nilipoanzia.

Nianze na hali ya Baba. Siku ya mazishi nilikuambia kwamba anasahausahau, nawe ukasema wazee wote ndivyo walivyo. Sasa tumepita hapo. Anaweza kuvaa shati juu ya shati, kisha akanilalamikia joto. Mimi ananitambua siku nyingi. Siku nyingine mimi ni muuguzi, na hunionya kwamba binti yake amesoma hadi chuo kikuu, akija atanikagua. Huyo binti namwogopa kidogo. Adabu aliyonayo siku hizi inaniumiza kuliko ukali wake wa zamani, maana anashukuru kwa kila kitu, kama mtu aliyepewa lifti.

Kitu kimoja hakijamtoka kichwani, nacho ni gari. Lile dogo la bluu lipo bado uani. Leseni aliirudisha mwenyewe macho yalipofifia, funguo ninazo mimi, na gari haliendi popote. Lakini kila Jumamosi baada ya chai huvaa ovaroli, akaliinua kwa jeki na kulifanyia kazi: humwaga oili ambayo haijatumika, hukagua pedi za breki ambazo hazijasuguliwa na barabara yoyote. Daktari wake, dada mwenye subira, alinishauri nisimzuie. Alisema mikono hukumbuka hata baada ya kichwa kuchoka, na mtu akinyang'anywa kazi ya mikono yake hubaki na kichwa peke yake, jambo ambalo kwa Baba lingekuwa adhabu.

Basi nikajifunza ili nimlinde. Baba alinieleza mwenyewe katika siku zake nzuri. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, kamwe lisisimame juu ya udongo. Gia iingizwe, hendibreki ivutwe, na magurudumu yatakayobaki chini yatiwe kabari. Nati zilegezwe gurudumu likiwa bado limekanyaga ardhi, maana ukisubiri hadi lielee utaliyumbisha gari zima. Jeki ikae pale penye chuma kinene chini ya ubavu. Gari likishainuka, literemshwe taratibu hadi likalie stendi, vile vigoda vya chuma vya kulibebea, kisha lisukumwe kwa bega kabla mtu hajapeleka hata kidole chini yake. Jeki ni ya kuinulia, alisema, haikuumbwa kubeba. Anayelala chini ya jeki tupu amejichagulia kaburi lenye namba za usajili. Siku hiyo tulicheka wote wawili.

Sasa naingia mahali unapopajua kuliko mimi, na naomba uniruhusu nipasimulie ili unisahihishe nikikosea. Hendibreki ya gari letu la kwanza ilikufa, na badala ya kuitengeneza Baba alikuweka wewe. Kila alipoliinua, ulipanda kwenye kiti cha dereva ukakanyaga breki kwa nguvu zako zote, naye chini ya gari akawa anaita, "Breki, upo?" nawe unaitikia, "Nipo, Baba." Jina lako la Breki lilianzia hapo, na Mama alikuwa akisema ulilivaa kama sare. Sheria ilikuwa moja: Breki hashuki bila ruhusa. Akitaka kushuka aseme, na Baba atoke kwanza. Kisha ikaja siku gari lilipomwangukia mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa mdogo, nimelala ndani, na ninachokijua ni kile nilichosimuliwa, kwamba uliondoa mguu. Wewe ulisema hukuondoa. Vidole vyake havikukunjika tena, udereva wa malori ukamponyoka, akaishia kuwa karani wa ghala. Tangu hapo kila mgeni aliyekuja nyumbani alitambulishwa kwako kwa maneno yaleyale: "Huyu ndiye Breki wetu, breki isiyoshika." Watu wakacheka, nawe ukachukua sinia la vikombe ukarudi jikoni. Nilidhani ulizoea. Sidhani kwamba mtu huzoea jambo kama hilo, nadhani huhama.

Miezi michache iliyopita Baba alianza kuziondoa stendi. Mara ya kwanza nilimsaidia kuziweka, nikaingia ndani kuzungumza na mwanafunzi kwa simu. Niliporudi nilizikuta zimepangwa pembeni, zimefutwa vumbi, na miguu yake imetokeza chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nikajiambia amesahau. Lakini mtu aliyesahau haondoi kitu akakipanga na kukifuta vumbi. Nilipomwuliza stendi zina kosa gani, alinijibu kwa hasira kwamba stendi ni za mtu asiye na mtoto. Breki yumo kitini, alisema, kwani mimi nataka aonekane haaminiki? Nikamwambia kitini hamna mtu. Hilo lilikuwa kosa. Aliita, "Breki, upo?" na aliposikia kimya akaanza kuhangaika, akigonga kichwa kwenye vyuma, akiita tena na tena. Na jeki yake ile inavuja, Kaka. Niliona ubavu wa gari ukiteremka polepole, kama mtu anayekaa huku bado anafikiri. Nikainama kwenye dirisha la dereva, nikaishusha sauti yangu, nikasema, "Nipo, Baba." Akatulia. Nikaikumbuka ile sheria, nikasema nataka kushuka. Akatoka mara moja, akajipangusa magoti, akakitazama kiti kitupu, kisha akaniuliza kijana amepitia mlango gani.

Usidhani nilikaa nikitazama. Niliificha jeki, na Jumamosi iliyofuata nikamkuta ameliinua gari kwa ubao mrefu na matofali yaliyopandana ovyo. Jeki niliirudisha haraka kuliko nilivyoificha. Nikaleta jeki mpya. Akaishukuru, akaipeleka stoo, akarudi na ileile yake. Nikaita gari la kuvuta, lile la bluu liondolewe kabisa. Baba akapanda ndani, akajifungia, akakataa chakula na maji hadi wale waliokuja kulivuta wakaondoka kwa aibu, kana kwamba wamekuja kumvuta yeye. Nikarudi kwa daktari. Akasema kwa upole kwamba zipo nyumba za kuwatunzia watu walio katika hali hii, na nafasi ikipatikana atanijulisha. Bado nangoja, na sina hakika kama naiombea ipatikane.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ni mshona makochi, mtu mwema mwenye ulimi usio na kifuniko. Aliniambia, "Mwalimu, mzee huyu akifa chini ya gari lisilokwenda, hata askari wa trafiki atakosa pa kuandika." Alipoona sicheki, aliweka nyundo chini akasema nimwite wakati wowote, sofa haijawahi kumkimbia mtu.

Ikabaki njia moja. Baba akilifungua gurudumu la mbele, mimi nalilaza kimyakimya chini ya ubavu, karibu na jeki, ili gari likianguka liangukie gurudumu kabla ya kumfikia yeye. Yeye hudhani naliondoa njiani. Kisha nasimama kando ya dirisha la dereva, mwanamke mzima mwenye shahada zake, nikiitikia kwa sauti ya mvulana kila anapoita. Hata jirani aliwahi kuniuliza kutoka ukutani kama leo nimekula koo la nani.

Jumamosi iliyopita gari lilianguka.

Halikutoa kishindo nilichokitazamia. Jeki ililala ubavu, gari likalikalia lile gurudumu kwa mlio wa kitu kinachotafunwa, na vumbi likafuka kutoka chini. Kati ya kifua cha Baba na chuma palibaki upana wa kiganja. Hakuumia, lakini hakuweza kutoka, na ovaroli yake ilikuwa imenasa begani. Nilipiga ukelele nisiojua kwamba ninao. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona, akatoweka kwenda kuchukua jeki kwenye gari lake la kubebea samani. Ile mpya ya stoo hata sikuikumbuka. Nikabaki peke yangu na Baba, nimelala kifudifudi juu ya saruji, nikiona nusu ya uso wake.

Hakulia wala hakuniita mimi. Kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, aliuliza, "Breki, umeondoa mguu?"

Kaka, nilikuwa na muda wa pumzi moja. Nikasema, "Hapana, Baba. Sikuondoa."

Akasema, "Najua. Hata siku ile hukuondoa."

Kisha akaendelea, bila kukwama, yeye ambaye siku hizi hawezi kumaliza habari ya alikoweka kofia. Alisema mvua ilikuwa imenyesha, naye alikuwa na haraka ya safari, kwa hiyo aliiweka jeki juu ya udongo na hakutafuta ubao wa kuikalisha. Aliiona ikizama upande mmoja kabla gari halijashuka. Magurudumu yaliyokuwa chini, alisema, hayakusogea hata unywele, maana wewe uliyashika hadi mwisho. Lakini mkubwa wake wa kazi alipofika hospitalini akauliza imekuwaje, yeye akasema mtoto aliondoa mguu. Dereva asiyejua kuweka jeki hakuna anayemtaka, na mtoto, alisema, hafukuzwi kazi. Alidhani maneno yale yataisha palepale kitandani. Yakawa mzaha, na alipotaka kuuacha alikuta watu wameuzoea, wanauomba, na akaogopa kwamba akinyamaza wataanza kuuliza. Stendi ameziondoa makusudi, ili uone kwamba sasa anakutegemea wewe tu, hana kingine. Akaomba umsamehe. Na akaongeza neno ambalo nalisikia bado ninapoosha vyombo: kwamba dada yako asijue, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyebaki anayemwona kuwa mtu.

Nilikuwa nimelala pale, uso wangu karibu na wake, nikisikia siri ninayofichwa mimi.

Baada ya hapo akaanza kujisukuma. Alitaka kutoka auone uso wako. Kila alipojisukuma, gurudumu lile liliteleza kidogo juu ya saruji, na ule upana wa kiganja ukapungua. Nilimwambia atulie kwa sauti yangu mwenyewe, hakusikia. Nikamwambia kwa sauti yako, akanijibu kwa swali: umenisamehe? Nikasema tulia kwanza. Akasema umenisamehe? na akasukuma tena.

Nikasema, "Nimekusamehe, Baba. Tulia."

Akatulia, akakunja mikono juu ya kifua kama aliyemaliza kazi. Jirani akafika na jeki yake na vipande vya mbao, akatia kabari nyuma ya magurudumu, akainua, akasukumia stendi, akalipiga gari bega kuona kama linatikisika, na ndipo tukamvuta Baba kwa miguu. Jirani alimpangusa vumbi usoni kwa kitambaa cha kochi la mtu, akamwambia, "Mzee, ungetuachia maelezo gani?" Baba alimwuliza kwa adabu kama amekwisha kunywa chai.

Tangu siku hiyo nayapima maneno yale. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuwafundisha wanafunzi namna ya kupima ushahidi, na kama mmoja wao angeniletea ushahidi huu ningeujaza wino mwekundu. Shahidi hajui leo ni siku gani. Alikuwa akizungumza na mtu asiyekuwepo. Mbaya zaidi, jibu la kwanza nilimpa mimi. Yawezekana nilimtilia maneno kinywani, naye akayafuata kama anavyonifuata nikimwonyesha mlango wa choo. Lakini mvua sikumpa mimi. Sikumpa ule udongo, wala haraka ya safari, wala magurudumu yasiyosogea. Nimeamini, kisha nikajihoji kwa nini nimeamini, kisha nikaamini tena. Wewe huhitaji hesabu zangu hizi. Mguu ulikuwa wako, na umeujua ukweli wake miaka yote hii peke yako, katika nyumba iliyojaa watu.

Na hapa ndipo penye ungamo langu. Nimetoa msamaha ambao haukuwa wangu. Nimeichukua sauti yako nikakusemea katika jambo ambalo pengine ulikuwa umejiwekea haki ya kutolisamehe, na nimefanya hivyo kwa sababu gurudumu lilikuwa linateleza. Sijui kama msamaha wa namna hiyo ni msamaha, au ni kabari tu niliyoichomeka ili mtu asife. Siku nyingine nadhani ningefanya vilevile. Siku nyingine naona kwamba Baba alikunyima neno lako ulipokuwa mtoto, nami nimekunyima mara ya pili ukiwa mtu mzima.

Tena msamaha huo haukudumu. Kesho yake asubuhi alikuwa amesahau kuanguka, amesahau kwamba amesamehewa, ila kosa lenyewe hakulisahau. Nilimkuta amesimama kando ya gari, anaita. Hangoji Jumamosi tena. Kila asubuhi anakwenda uani, na kila asubuhi nakwenda nyuma yake. Mezani tunatazamana, yeye akidhani sijui, mimi nikijifanya sijui, na sina wa kumwambia. Shangazi angelitangaza kabla ya chai kupoa. Sasa hivi jirani ameketi naye kibarazani, anamsomea magazeti ya zamani, ili mimi nipate nafasi ya kuandika. Sina nguvu ya kuendelea hivi, Kaka. Nasema hivyo bila kupamba. Nimechoka hadi ninapomwona amelala usingizi mchana nashukuru, kisha naona haya kwa ninachoshukuru.

Sikuombi umsamehe. Sitaki barua hii iwe mkono wa pili unaokusukuma. Ukiweza kuja, njoo, hata kwa hasira. Hasira yako ina haki ya kuingia nyumba hii kwa mlango wa mbele. Usipoweza, niandikie utakalo nimjibu akiuliza tena. Nitalisema hilohilo ulivyoliandika. Likiwa hapana, nitamwambia kwamba hujafika, na nitatafuta namna nyingine ya kumtuliza, hata nikilazimika kulala chini ya gari kando yake. Lakini kukusemea sitaki tena, na siwezi.

Mpe wifi salamu zangu, umwambie kwamba kama amekuona ukinyamaza baada ya kuisoma barua hii, kosa ni langu. Wabusu watoto. Shangazi anakusalimu na anasubiri jibu la sukari. Mshona makochi naye anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema jina lako amelisikia likiitwa mara nyingi kiasi kwamba ukipita barabarani atakutambua.

Na Baba anakusalimu. Amepita hapa mlangoni sasa hivi akaniuliza naandika nini. Nikamwambia, barua kwa kaka. Akacheka, akasema nimesoma hadi nimepitiliza. Barua ya nini kwa mtu aliye hapo nje? Akaenda zake. Kisha akarudi, akashika fremu ya mlango, akasema hata hivyo nikusalimie, na nikuambie uingie ndani, jua hili ni kali.

Ni mimi,
mdogo wako wa pekee.